Balozi Huanza na Kwake

Watu wa mtaa wetu wa Kasingirima wakimtaja Luqman husema, "Yule aliyemtaja mkewe." Husema hivyo haraka haraka, kisha wanaendelea na habari za mawese na samaki wa migebuka. Mimi jambo hilo linaniudhi. Mtu ametengeneza taa za nusu ya Ujiji, amezika wazee wetu na kuoza watoto wetu, halafu maisha yake yote yanakunjwa yakaingia katika maneno matatu. Basi mimi nitayakunjua. Jina langu Kuruthumu, mama Ummy, na kwa miaka mingi nimeuza chai na vitumbua upande wa pili wa njia, mkabala na baraza yake. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na Luqman mwenyewe, na pia Oswald, dereva wa lori la kambi ya wakimbizi, ambaye hawezi kusema uongo kwa sababu hana akili ya kuukumbuka kesho yake.

Luqman alikuwa fundi wa karabai. Vijana wa siku hizi wenye taa za jua hawaijui tena. Karabai ni taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Ndiyo iliyokuwa ikiwaka kwenye mitumbwi ya dagaa, harusini, na msikitini umeme ukikatika. Mwanga wake hautoki kwenye utambi. Pale mvuke wa mafuta unapotokea hufungwa kifuko kidogo cha nyuzi, ukubwa wa yai, kilichochovywa dawa kikakauka. Ukikiwasha mara ya kwanza nyuzi zote zinaungua, na kinachobaki ni jivu jeupe lililosimama lenyewe kwa umbo lile lile la kifuko. Jivu hilo ndilo linalong'aa. Ni jepesi mno, ukiligusa kwa ncha ya kidole linaanguka, lakini likiwa zuri linahimili moto mkali mwezi mzima.

Miaka ile ya wakimbizi vifuko vya dukani viliadimika. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi na kutoka Kongo, asubuhi moja unakuta ufukwe umejaa magodoro na watoto. Karabai na vifuko vyote vya Kigoma vikanunuliwa kwa ajili ya zahanati na vituo vya kupokelea watu. Wavuvi wakabaki na taa zilizokufa, wakaja kumlilia Luqman. Akasema atatengeneza vifuko vyake mwenyewe.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Frida, mkewe, ndiye aliyevifuma, kwa sindano iliyochongwa kutokana na spoku ya baiskeli. Frida alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili mama yake alimvusha akiwa mgongoni, wakashukia Mwamgongo, na huko akakulia kwa wavuvi. Akaja Ujiji kuuza vitambaa vya kufuma, Luqman akanunua kimoja, kesho yake akanunua kingine, mpaka tukajua huyu hana meza za kutosha, ana lake jambo. Walioana yeye Mwislamu, bibi Mkristo, na kila mtu akabaki na siku yake: Ijumaa anatoka mmoja, Jumapili anatoka mwingine, na anayebaki ndiye anayepika. Mwenyezi Mungu hakuwajalia mtoto.

Dawa ilikuwa kazi ya Luqman. Alianza na shabu ya kinyozi, ikayeyuka motoni ikachuruzika. Ndipo Oswald akamletea shabu ya kusafishia maji, chengachenga alizofagia kwenye lori baada ya gunia kupasuka. Hiyo ilikuwa na nafuu. Nyuzi ziliungua, likabaki jivu jeupe safi, kifuko kikasimama na kuwaka, Frida akapiga kigelegele mpaka wateja wangu wakageuka. Nilikuwa sijageuza hata vitumbua upande wa pili, kifuko kikaanza kusinyaa. Kikajikunja, kikapungua, kikadondoka.

Basi ikawa hivyo hivyo karibu miaka miwili. Walitia chokaa, walitia magadi, walitia chumvi ya Uvinza. Kifuko husimama kidogo, moto ukikolea kinasinyaa. Frida alikuwa akicheka.

"Balozi," anamwambia, "mtoto wako amekataa kusimama tena."

"Amerithi ukaidi wa mama yake, bibie."

Mimi mzaha huo wa mtoto ulikuwa ukinichoma, lakini wenyewe walicheka wote wawili, na kazi iliendelea.

Alimwita Balozi kwa sababu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Luqman alikuwa na desturi moja, na sisi tuliipenda: jambo lolote likija, anaanza na kwake. Ikiwa ni kuzibua mitaro, wa kwanza ni wake. Ikiwa ni mchango wa shule, anautoa mbele yetu ndipo anabisha hodi. Kipindupindu kilipoingia na watu wa afya wakaja kupulizia dawa, aliwapeleka kwanza chumbani kwake, wakalowesha kitanda chake na mashuka, kisha akaja kwangu na uso mkavu kama mtu asiye na la kuficha. "Balozi huanza na kwake," alisema, na ningemkataliaje? Hakuna aliyeweza kumwambia anaficha chake anafichua cha wenziwe.

Mwaka tisini na saba wakaja maofisa na askari, mchana, wakawaita mabalozi wote. Swali lilikuwa moja: katika nyumba zako, nani ametoka ng'ambo? Sasa muelewe. Kabla ya hapo swali hilo lilikuwa limeulizwa mara mbili, na waliotajwa walipewa mablanketi na sabuni. Luqman alifikiri ni hayo hayo. Na kama si hayo, alijua kwamba mke wa mtu wa Ujiji ni mtu wa Ujiji, jambo ambalo lilikuwa wazi kwake kama vile maji ni maji. Alisimama barazani kwake, sisi sote tukisikia.

"Naanza na kwangu," akasema. "Mke wangu Frida alizaliwa Burundi."

Akaendelea, akamtaja Eufrasia, mjane aliyekuwa akiuza mawese nyumba ya nne, na familia nyingine mbili. Alisema kwa sauti ya mtu anayegawa haki. Malori yalikuwa yamesimama mwisho wa njia, lakini sisi tulikuwa bado hatujayaona.

Walimchukua Frida mikono imejaa dawa hadi kwenye viwiko. Luqman aliwafuata akisema, "Huyu ni mke wangu, jamani, mke wangu wa ndoa," na ofisa mmoja, hakuwa mtu mbaya, akamjibu kwamba hayo yatashughulikiwa huko huko kambini, yeye amepewa amri ya kukusanya watu wa ng'ambo tu. Eufrasia alipandishwa akiwa na kanga moja. Frida alijifuta mikono, akachomeka sindano yake ya spoku katika nywele, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama. Kwangu alisimama.

"Mama Ummy," akasema, "maharage yako jikoni. Yasije yakaungua."

Nilikwenda nikayaepua. Luqman hakuyala, wala hakuyamwaga. Yalikaa kwenye sufuria mpaka yakaota ukungu, nikaingia nikayatupa mimi.

Alikwenda kila ofisi Kigoma. Kila mahali aliambiwa avumilie, jambo linashughulikiwa. Na huku mtaani watu wakaacha kumsalimia. Si kwa chuki, nataka niseme kweli, ilikuwa hofu. Ulimi hauna mfupa, na ulimi uliomtaja mke wa mtu mwenyewe utamshindwa nani? Watoto waliotumwa kupeleka viberiti vya petroli kujazwa walielekezwa Buzebazeba kwa fundi mwingine. Msikitini safu ilijaa, lakini ubavuni kwake palibaki upana wa mtu mmoja. Aliacha ubalozi. Mimi niliendelea kumsalimia, wala si kwa wema mwingi: mtu akinywa chai yako kila asubuhi utamnyamaziaje?

Lililommaliza kabisa lilikuwa neno moja alilolileta Oswald kutoka kambini, upande wa Kasulu.

"Nimemwona," Oswald akasema. "Mzima. Amechaguliwa kuwa kiongozi wa mstari wao wa nyumba. Amesema nikwambie usije."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, 'Mwambie asije.' Hakuna lingine, mzee wangu. Ningekuwa na lingine ningekupa."

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayejiadhibu. Vifuko vilivyokuwa vimebaki, vile alivyovifuma Frida, vilikuwa vichache ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa hawezi kufuma. Kwa hiyo kila alipojaribu dawa na kifuko kikasinyaa, alikuwa amechoma kazi moja ya mikono ya mkewe, na alijua. Nilimwona akikishika kifuko kizima kiganjani kwa muda mrefu kabla ya kukichovya. Na meza hakuisafisha tena. Zamani Frida ndiye aliyeifuta. Sasa vichungi, misumari, mafuta, vijiwe vya viberiti vilivyokwisha, vyote vilikuwa hapo, na akitaka nafasi anavisukuma kwa kiwiko.

Alasiri moja alitoka nje akasimama katikati ya njia. Akatazama upande wa Kigoma, akatazama upande wa ziwa, mdomo wazi. Mtu yeyote angefikiri anatafuta mbuzi. Kisha akavuka mpaka kwangu.

"Mama Ummy. Kimesimama."

Niliacha karai la mafuta nikaenda. Ndani alikuwa amefunga madirisha ili aone vizuri, na katika giza hilo karabai ilikuwa ikiwaka kwa mwanga mweupe wenye ukijani kidogo, ikivuma. Kifuko kimesimama wima. Tulikaa tukakitazama. Alipampu, moto ukazidi, kikasimama. Alizima, akaacha kipoe, akawasha tena, kikasimama.

"Maashallah, Balozi," nikamwambia, maana jina hilo mimi sikuwa nimeacha kulitumia.

Akaniangalia kwa aibu, mtu mzima yule, mvi tupu. "Mama Ummy, nakuomba. Piga kigelegele."

Nilipiga. Kilitoka kama sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Alinishukuru, akasema kilikuwa kizuri. Nilirudi kwenye karai langu nikalia, na vitumbua vikaungua vyote.

Ilimchukua siku kadhaa kujua kilichotokea. Dawa yake aliiweka katika chombo cha plastiki: shabu, maji, na tone la maji ya betri ili iyeyuke vizuri. Chombo kilikuwa chini ya ukingo wa meza. Vile vijiwe vya viberiti, vidogo kama punje ya mchele, vinavyotoa cheche, alikuwa akivisukuma kwa kiwiko na vimekuwa vikidondokea humo, vikichemka polepole na kuyeyuka. Alichanganya dawa mpya bila vijiwe, kifuko kikasinyaa. Akachanganya nyingine yenye vijiwe, kikasimama. Akiweka vingi mno kinakuwa cha kuvunjikavunjika, kinapasuka. Kinachotakiwa ni kidogo tu.

Miaka mingi baadaye binti yangu Ummy, aliyesomea kemia, alinieleza kwa nini. Shabu ile ikiungua inabaki unga mweupe uitwao alumina, na unga huo umejaa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Moto ukizidi, chembe zake zinasogeleana, zinashikana, zinakuwa donge moja. Vyumba vinaziba, na kitu kizima kinasinyaa. Ukitia kidogo metali nyingine, kama zile zilizomo katika vijiwe vya kiberiti, ile metali ngeni inakaa mipakani, kati ya chembe na chembe, inazizuia zisivamiane. Viwandani, anasema, wanafanya hivyo hivyo, maana unga huo ndio wanaoubebesha vichocheo vya kusafisha moshi wa magari na kuchuja mafuta, na usipotiwa mgeni haudumu motoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia.

Ummy akacheka, akafikiri natania. Mimi nilikuwa nafikiria nyumba zetu kumi, na jinsi tulivyosinyaa baada ya malori yale kuondoka, kila mtu na mlango wake.

Turudi kwa Luqman. Amepata walichokitafuta wawili kwa miaka miwili, na wa kumwambia hayupo. Alivumilia kidogo, akashindwa. Akafunga karabai yake katika blanketi, vifuko vya mwisho vilivyochovywa akavitia katika kopo, akaniachia ufunguo wa nyumba, akapanda lori la Oswald juu ya magunia ya shabu. Aliambiwa asije, na akaenda.

Walipofika kambini Oswald alimwelekeza mstari wa nyumba za udongo na turubai, akamwonyesha mlango. Frida alikuwa ameketi nje na Eufrasia, wanachambua mahindi ya mgao. Luqman akasimama na blanketi lake mikononi.

"Hodi."

Frida akainua macho. Hakusema karibu. "Nilikwambia usije."

"Nimesikia, bibie."

"Umekuja na nini?"

"Kimesimama," akasema. "Kile kifuko."

Frida akamwangalia Eufrasia, kisha akamwangalia mumewe. "Na Eufrasia umemletea nini? Huyu alipanda lori na kanga moja. Wewe ulimpandisha."

Eufrasia naye alichukua ungo wake akaingia kwake. Luqman aliniambia alitaka kugeuka arudi, lakini lori la Oswald lilikuwa limekwenda kushusha mizigo. Akaketi chini mahali alipokuwa, mbele ya mlango wa mkewe, kama mgeni asiyekaribishwa. Magharibi ilipoingia alisali hapo hapo. Kisha akafungua blanketi, akafunga kifuko, akawasha.

Nyuzi ziliungua, moshi kidogo, kisha mwanga ukafumka. Frida alikuwa ndani ya mlango akitazama kwa pembeni. Alikingojea kifuko kisinyae. Luqman akapampu. Watoto wa mstari ule wakaja, na mama zao, wakaketi. Sufuria za watu zikaiva, watu wakala, na kifuko kimesimama. Mwishowe Frida alitoka akachuchumaa karibu na taa, uso wake mweupe kwa ule mwanga.

"Umetia nini?"

"Vijiwe vya viberiti. Vilidondoka vyenyewe kutoka mezani."

"Oya! Wewe na uchafu wako," akasema. "Nikiondoka siku mbili tu nyumba inageuka jalala." Na akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

Alikaa huko majuma kadhaa, na aliniambia hajapata kuishi vizuri kama vile tangu mtaa ulipomfungia mdomo. Asubuhi alitengeneza taa na viberiti vya watu, jioni aliwasha karabai, na mstari mzima ulikuja kuketi. Walimsalimia. Fikirieni mtu aliyenyimwa salamu kwao, anaamkiwa na watu thelathini walionyang'anywa kila kitu. Frida alifuma vifuko vipya chini ya mwanga huo. Jioni moja hata Eufrasia alikuja na ungo wake, akaketi mbali kidogo.

"Nimefuata mwanga," akamwambia. "Sikukufuata wewe."

"Ego, mama," akajibu Luqman kwa Kiha, yaani ndiyo. "Mwanga ni wako."

Ndipo akaamua jambo ambalo hakumwambia mkewe, alimwambia Oswald tu. Kulikuwa na siku ya kuhesabiwa inakuja. Kiha alikijua, na Kiha na Kirundi ni ndugu. Angejiandikisha Mrundi. Angekuwa mkimbizi, mzaliwa wa Ujiji aliyezaliwa na wazaliwa wa Ujiji, apate kadi, apate mgao, abaki na mkewe. Oswald alicheka mpaka akakohoa. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

Siku ilifika. Watu walipangwa kwa mistari, kila mstari na kiongozi wake mbele. Ofisa alipofika kwenye mstari wa Frida aliuliza kama alivyouliza kwa wengine: je, humu yumo asiye mkimbizi? Mistari mingine ilikuwa imeleta ugomvi, kwa maana watu walikuwa wamewaingiza jamaa zao wa vijiji vya jirani, na kiongozi akimtaja wa fulani anaulizwa mbona hakumtaja wake. Luqman alikuwa wa tatu kwenye foleni, amevaa shati la kuazima, majibu yake ya Kirundi yako tayari kinywani.

Frida hakugeuka nyuma.

"Naanza na kwangu," akasema. "Yule mwanamume mwenye shati la bluu ni mume wangu. Kwao ni Ujiji, Kasingirima. Si mkimbizi."

Kisha akawataja wengine wawili, na hakuna mtu katika mstari ule aliyefungua mdomo kumlaumu.

Luqman alitolewa kwenye foleni. Hakukana. Alikuwa na Kirundi chote kile kinywani na hakukitumia. Alipandishwa lori la Oswald siku ile ile, na Frida akaja mbio, kifurushi cha kanga mkononi, vifuko vipya alivyovifuma.

"Chovya hivi," akamwambia. "Oswald atavirudisha. Karabai naibakisha hapa." Alikuwa akilia sasa, Oswald anasema, kamasi na machozi, hajifuti. "Wewe nenda ukae mlangoni pale. Ukiandikwa huku na wewe, nyumba ile itakuwa ya nani? Tutasema tunarudi wapi?"

Wanawake wanaokunywa chai kwangu wamebishana juu ya hilo kwa miaka. Wapo wanaosema alilipiza: mkuki kwa nguruwe. Wapo wanaosema alimwokoa. Mimi nilimwuliza Luqman mwenyewe, maana sina adabu ya kungoja. Alikoroga chai yake isiyo na sukari ya kukoroga.

"Alisema kweli, Mama Ummy," akanijibu. "Nilimfundisha mimi."

Habari ilipoenea kwamba naye ametajwa, watu wakaanza kumsalimia tena, kana kwamba deni limelipwa. Aliitikia. Lakini hakuwa tena na hamu nazo zile salamu. Akae mlangoni, alikuwa ameambiwa, na akakaa mlangoni. Oswald akija analeta vifuko vilivyofumwa, akiondoka anabeba vilivyochovywa. Hakukuwa na maneno ndani yake, vifuko tu. Luqman aliweza kujua kwa mkono tu: hiki alikifuma akiwa na homa, angesema, nyuzi zimelegea; hiki alikuwa na hasira. Wavuvi wa Ujiji walivua dagaa kwa mwanga wa vifuko hivyo, bila kujua vimevuka vizuizi vingapi. Jioni za Jumapili, zamu yake ya kupika, alipika chakula cha watu wawili, nami nilisikia harufu nikajifanya sijui.

Mwaka elfu mbili na mbili ikaja sensa. Karani wa sensa alikuwa kijana mpole kutoka mjini Kigoma, na kwa kuwa mtaa wetu hakuujua, niliombwa nimtembeze. Tukaanza kwangu. Kisha tukavuka kwa Luqman. Alitupa viti, akaondoa kopo la vifuko ili kijana apate pa kuweka karatasi zake.

Kijana akauliza kama alivyofundishwa: usiku wa kuamkia sensa, katika nyumba hii, walilala watu wangapi?

Huyu ni mtu ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno, na kila mmoja wetu alijua neno la kweli lilimgharimu nini.

"Wawili," akasema Luqman.

Kijana akaangalia ndani. Kitanda kimoja, kiti kimoja kina vumbi, jozi moja ya ndara mlangoni. "Wa pili ni nani, mzee?"

"Mke wangu. Frida."

"Yuko wapi sasa hivi?"

Luqman aliangalia mikono yake, kwa sababu uongo ni kazi kama kazi nyingine na yeye hakuwa ameizoea. Yule kijana akanigeukia mimi, shahidi wake.

"Wawili," nikamwambia. "Andika. Mwenzake ametoka kidogo."